Mashine ya kadi na faida ya saruji: hesabu niliyojifunza Kitale na Bungoma

Simu ilinikuta dukani kwangu Kitale, Alhamisi baada ya Alasiri, nikimpimia mteja kitambaa cha baibui. Alikuwa dada yangu aliyeolewa Bungoma. Hakuulizia watoto wala hali ya mama kama ilivyo kawaida yake. Alisema tu, "Kaka, njoo kesho. Mume wangu asema kijana ametuibia."

Kijana mwenyewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye niliyemtoa Mombasa alipomaliza kidato cha nne, nikamkabidhi kwa shemeji yangu amfunze biashara katika duka lake la vifaa vya ujenzi. Kwa hivyo neno "ametuibia" lilinichoma mimi kabla ya kumfikia yeye. Ijumaa baada ya swala nilifunga duka, nikapanda matatu. Tukapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini mama yetu.

Naandika haya kwa sababu pesa zilizokuwa zimepotea hazikuibiwa na mtu. Zilikatwa kihalali, kidogo kidogo, kwa mkataba ambao shemeji aliutia sahihi kwa mkono wake. Mkataba wa aina hiyo hiyo nilikuwa nao mimi pia. Na najua kwetu Pwani, kuanzia Lamu hadi Diani, wenye maduka, mikahawa na vibanda vya nguo wanapelekewa mashine za kadi na kuambiwa ni za bure. Ni vyema mtu ajue gharama yake kabla hajaiweka juu ya meza.

Elfu themanini na moja

Nilimkuta shemeji ameketi nyuma ya kaunta na madaftari mawili mbele yake.

"Shemeji, sikukuita kwa ubaya," alianza. "Miezi minne hii nimejumlisha benki, nimejumlisha simu, nimejumlisha pesa taslimu. Nikilinganisha na daftari la mauzo, elfu themanini na moja hazipo. Na anayepeleka pesa benki ni mmoja tu."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemvimba. "Ami, wallahi sijagusa hata shilingi."

Sikumjibu, kwa sababu wakati huo sikuwa na jibu. Niliomba stetimenti ya benki na zile karatasi ndogo ambazo mashine ya kadi huzitoa kila jioni duka linapofungwa. Shemeji alikuwa amezihifadhi zote kwenye boksi la misumari, jambo ambalo ndilo lililotuokoa.

Tulichukua siku moja ya mfano. Karatasi ya mashine ilisema mauzo ya kadi siku hiyo yalikuwa shilingi 24,000. Daftari la shemeji nalo lilisema 24,000. Lakini siku ya pili yake benki ilikuwa imeingiza 23,280. Zimepungua 720, ambazo ni asilimia 3 kamili ya 24,000. Tukachukua siku nyingine, ikawa vivyo hivyo. Mauzo ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili yalikuwa yakiingia pamoja Jumatatu kama kitita kimoja, na ndiyo maana hakuna aliyeona pengo kwa macho.

Tulipojumlisha karatasi zote za miezi minne tulipata mauzo ya kadi ya shilingi 2,480,000. Asilimia 3 yake ni 74,400. Kulikuwa pia na kodi ya mashine, 1,500 kila mwezi, ambayo kwa miezi minne ni 6,000. Jumla 80,400. Zilizobaki hazijulikani zilikuwa shilingi 600, na duka linalouza misumari kwa kilo na skrubu moja moja halikosi 600 za chenji zilizopotea katika miezi minne.

Shemeji alivua miwani, akakaa kimya. Kisha akamwita kijana, akamwambia mbele yangu na mbele ya dada yangu, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Kijana akaitika kwa kichwa tu. Sauti haikutoka.

Nilirudi Kitale nimefurahi, lakini usiku ule sikulala. Kwangu pia ile mashine ipo, na sijawahi kuketi nikaihesabu.

Pesa hizo huenda wapi

Mteja anapopitisha kadi yake dukani kwako, malipo hupitia mikono mitatu. Kuna benki iliyompa mteja kadi. Kuna kampuni yenye mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, ambayo hupeleka ujumbe kati ya benki na benki. Na kuna benki au kampuni ya malipo iliyokupa wewe mashine. Wote watatu hula kutoka kwenye sahani moja, na sahani hiyo ni mauzo yako. Kwa kawaida fungu kubwa huchukuliwa na benki ya mteja.

Mteja hakatwi kitu mbele yako. Akinunua bidhaa ya 1,000 anaona zimetoka 1,000. Wewe ndiye unayepokea 970. Mtindo huu ni wa zamani. Diners Club ilipoanza New York mwaka 1950, mikahawa iliyokubali kadi yake ilikatwa asilimia 7 ya bili, na wenye mikahawa walikubali kwa kuwa mwenye kadi aliaminika kula zaidi ya mwenye pesa mfukoni. Tangu siku hizo mzigo umekaa kwa muuzaji.

Hapa Kenya, duka dogo huombwa mara nyingi kati ya asilimia 2 na asilimia 3 na nusu. Kiwango hutegemea benki, aina ya biashara na ukubwa wa mauzo. Kadi za wageni kutoka nje mara nyingi hukatwa zaidi ya kadi za humu nchini, na hilo wenye biashara za watalii Malindi na Watamu walitie maanani. Duka kubwa lenye matawi mengi huweza kuketi na benki likapunguziwa. Mwenye kibanda huletewa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Serikali nyingine zimeingilia kati. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo kwa lile fungu linalokwenda kwa benki ya mteja: asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida zinazokata kwenye akaunti, na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. India nayo tangu Januari 2020 ilifuta ada ya muuzaji kwa malipo ya simu ya mfumo wao wa UPI. Nataja haya ili ieleweke kuwa asilimia 3 haikushuka kutoka mbinguni. Ni bei, na bei hupatanwa.

Leso na saruji

Sasa nije kwenye kile ambacho mimi na shemeji hatukukifikiria tulipotia sahihi. Ada ya kadi hukatwa kwenye mauzo, wakati wewe unaishi kwa faida. Asilimia 3 ni ile ile kwa wote, lakini faida ya leso na faida ya saruji hazifanani hata kidogo.

Chukua jozi ya leso. Naitoa Mombasa, Biashara Street, na ikifika Kitale pamoja na nauli ya mzigo imenigharimu 550. Naiuza 800. Faida yangu kabla ya kodi ya duka na gharama nyingine ni 250. Mteja akilipa kwa kadi, asilimia 3 ya 800 ni shilingi 24. Katika 250 zangu nabaki na 226. Inauma kidogo, lakini haijafika hata sehemu moja ya kumi ya faida.

Chukua mfuko wa saruji. Kwa shemeji umefika dukani kwa 720 na anauuza 760, kwa sababu kwenye barabara ile kuna maduka mengine ya vifaa vya ujenzi, na akipandisha shilingi 10 tu mteja anavuka upande wa pili. Faida yake ni 40. Asilimia 3 ya 760 ni shilingi 22 na senti 80. Katika kila 40 za faida, zaidi ya 22 zimekwenda. Anabakiwa na 17 na senti 20, na hapo hajamlipa mpakiaji wala mwenye nyumba.

Rudi sasa kwenye ile miezi minne. Sehemu kubwa ya mauzo ya kadi ilikuwa saruji ya wakandarasi wadogo na ya walimu wanaojenga nyumbani kwao. Katika mauzo ya 2,480,000, faida ya saruji kwa kiwango hicho ni kama laki moja na thelathini. Ada ya kadi na kodi ya mashine zilichukua 80,400. Mwenye duka aliyeamka alfajiri, akachukua mzigo kwa deni, akasimama juani, alipata kama elfu hamsini. Mashine iliyokaa kivulini juu ya kaunta ilipata themanini.

Ungeweza kusema, basi mteja wa kadi aongezewe bei. Kabla hujafanya hivyo soma mkataba. Mikataba mingi ya mashine hukataza muuzaji kumtoza mwenye kadi bei ya juu kuliko mwenye pesa taslimu, na ukilalamikiwa waweza kunyang'anywa mashine. Ukipandisha bei ya wote, mwenye pesa taslimu anamlipia mwenye kadi, na kwenye saruji hata hilo haliwezekani kwa sababu ya jirani.

Simu nayo ina bei yake

Kenya tuna njia ambayo nchi nyingi hazikuwa nayo. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa kutumiana pesa, na mwaka 2013 ikaja Lipa Na M-Pesa, ile namba ya tili inayobandikwa ukutani. Siku hizi hata bibi anayeuza mahamri asubuhi ana tili yake. Lakini wengi hawajui inakata nini.

Wakati naandika haya, tili ya Lipa Na M-Pesa ya kununua bidhaa humkata muuzaji asilimia 0.55. Malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi kitu. Na kuna jambo muhimu kwa mwenye bidhaa kubwa: ada ina kikomo, haizidi shilingi 200 kwa malipo moja hata mauzo yakiwa makubwa vipi. Mteja hatozwi.

Tuiweke kando ya kadi. Leso ya 800: kadi inakata 24, tili inakata 4 na senti 40. Mifuko 50 ya saruji, ambayo ni shilingi 38,000: kadi inakata 1,140, tili inagota kwenye 200. Faida ya shemeji kwenye mifuko hiyo ni 2,000. Kwa kadi anabaki na 860, kwa tili anabaki na 1,800. Mteja ni yule yule, saruji ni ile ile.

Kwa wale wa chai, mahamri na mbaazi, karibu kila sahani haifiki 200, kwa hivyo tili haiwakati. Lakini wajue kuwa kuitoa pesa kwenye tili, iwe kwa wakala au kuipeleka benki, kuna ada nyingine. Ukitoa kila jioni vijisenti vyako, ile ada uliyoikwepa mlangoni inakukuta dirishani. Afadhali kutoa mara chache kwa kitita kikubwa, au kuwalipa wanaokuletea mzigo moja kwa moja kutoka kwenye tili.

Pochi la Biashara ni njia nyingine, na wengi huichanganya na tili. Kwenye Pochi muuzaji hakatwi kwa kupokea, ila mteja analipa ada kama anayemtumia mtu pesa. Kwa leso ya 800 mteja wangu angelipa shilingi 13 juu ya bei. Kwa hivyo tili ingenikata mimi 4 na senti 40, Pochi ingemkata yeye 13. Nimeona wateja wakiniuliza "Una tili au ni Pochi?" kabla ya kuchukua bidhaa, na wengine wakaiacha. Mwenye Pochi huona hakatwi, lakini hamwoni mteja aliyekwenda duka la pili.

Tusisahau kuwa na serikali imo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15 ya ada. Mwaka 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliondoa ada za kutuma kiasi kisichozidi 1,000 kuanzia Machi hadi mwisho wa mwaka. Watu wengi walizoea simu kipindi kile, na ada ziliporudi walikuwa hawawezi tena kuacha.

Pesa taslimu si za bure

Nisieleweke kuwa nawarudisha watu kwenye makopo ya noti. Pesa taslimu zina gharama ambayo haiandikwi popote. Nimewahi kupokea noti bandia ya 1,000, na faida ya leso nne ikaenda nayo. Kuna asubuhi nzima inayopotea kwenye foleni ya benki. Kuna kutafuta chenji kwa majirani huku mteja akichoka kusubiri. Kuna hofu ya kutembea na kitita barabarani wakati wa jioni. Na kama tulivyoona Bungoma, kuna shaka inayomwangukia kijana anayebeba pesa hizo.

Simu nayo ina hila zake. Ujumbe wa bandia unaosema umelipwa umewalia wengi, na dawa yake ni kutazama salio au ujumbe kwenye simu yako mwenyewe kabla mzigo haujatoka dukani, hata kama mteja ana haraka.

Kadi ina hatari ambayo wauzaji wa huku hawaijui sana, nayo ni malipo kurudishwa. Mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake kwamba hakununua kitu, au kwamba hakupewa alichonunua, na mara nyingi ana muda wa hadi siku 120. Benki huirudisha pesa kwake na kuichomoa kwako, kisha wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha ushahidi. Kadi iliyoingizwa mashineni na mteja akabonyeza namba yake ya siri ina usalama zaidi. Malipo ya kadi yanayofanywa kwa mbali, kwa mfano mgeni anayelipia chumba akiwa kwao, ndiyo yenye hatari zaidi. Wenye nyumba za wageni Shela na Nungwi wahifadhi risiti na mawasiliano yote.

Hesabu ya kuamua

Niliporudi Kitale nilijiuliza swali moja: kati ya wanaonilipa kwa kadi, ni wangapi wasingenunua kabisa kama sina mashine? Hao ndio mashine imeniletea. Wengine wote wangelipa kwa tili au kwa noti, na kwao mashine imenipunguzia tu.

Mauzo yangu ya kadi ni kama 90,000 kwa mwezi. Asilimia 3 ni 2,700, na kodi ya mashine 1,500, jumla 4,200. Faida yangu kwenye leso ni 250 katika kila 800, yaani kama 31 katika kila 100. Ili kurudisha 4,200 nahitaji mauzo mapya ya kama 13,500. Katika 90,000 hilo ni kama moja katika saba. Nikawakumbuka akina mama wanaokuja kununua vitu vya harusi kwa mkupuo, na watu wanaorudi nyumbani Disemba kutoka ng'ambo wakiwa na kadi za huko na hawana laini ya hapa. Hao peke yao wanavuka kiasi hicho. Mashine yangu imebaki.

Kwa shemeji hesabu ilikuwa nyingine. Mauzo yake ya kadi yalikuwa kama 620,000 kwa mwezi, na gharama yake ni 18,600 pamoja na 1,500, jumla 20,100. Faida yake ni 40 katika kila 760, yaani zaidi kidogo ya 5 katika kila 100. Kurudisha 20,100 angehitaji mauzo mapya ya kama 380,000. Ina maana zaidi ya wateja sita katika kila kumi wa kadi wawe watu ambao bila mashine wasingekanyaga dukani kwake. Nilimuuliza kwa simu. Alicheka. "Shemeji, hao wote nilikuwa nao kabla ya mashine."

Mwisho wa mwezi alirudisha mashine. Wateja wa mifuko michache aliwaelekeza kwenye tili. Malipo moja ya M-Pesa huweza kufika 250,000 tangu kiwango kilipopandishwa mwaka 2023, kwa hivyo hata mzigo wa lori dogo unaingia. Wakandarasi wenye akaunti za benki aliwaomba watume kwa PesaLink, mfumo wa mabenki ulioanza mwaka 2017, ambako anayetuma hulipa ada ya benki yake na pesa hufika papo hapo. Kwenye njia hiyo shemeji hapotezi asilimia ya saruji yake. Wawili watatu walinung'unika. Aliwapunguzia shilingi 5 kwa mfuko kwa wanaonunua 50 na kuendelea, na bado alibaki na faida kubwa kuliko alivyokuwa akibaki na kadi.

Kabla hujatia sahihi

Akija kijana wa mauzo na koti zuri na mashine "ya bure", mkaribishe, mpe maji, kisha muulize haya na umwombe akuonyeshe majibu yalipoandikwa.

Ni asilimia ngapi kwa kadi ya humu nchini, na ngapi kwa kadi ya nje? Kuna kodi ya mashine kila mwezi, na kuna kiwango cha mauzo ambacho nikikosa kukifikia natozwa zaidi? Pesa zinaingia siku ya pili au baada ya siku tatu, na wikendi je? Nikirudisha mashine kabla ya mwaka kuna faini? Mteja akidai pesa zake zirudishwe, mimi nina siku ngapi za kujibu? Na la mwisho, hiki kiwango chaweza kupunguzwa? Nilipoliuliza hili la mwisho, baada ya kuonyesha mauzo yangu ya mwaka, nilishushiwa kutoka 3 hadi 2 na nusu. Kwa miaka miwili iliyotangulia nilikuwa sijauliza.

Kisha kaa na daftari lako. Andika bidhaa yako inayouzwa zaidi, faida yake kwa shilingi, na ada ya kila njia kwa shilingi. Usiandike kwa asilimia, maana asilimia ndogo haiogopeshi. Ishirini na mbili katika arubaini inaogopesha.

Na jambo moja kuhusu daftari lenyewe. Kosa la shemeji lilikuwa kuandika mauzo ya kadi kama yalivyosomwa kwenye mashine na kutarajia yaingie benki vile vile. Kila njia ya malipo iwe na safu yake: kiasi kilichouzwa, ada, kiasi kilichoingia. Dakika kumi za jioni zinatosha. Zikikosekana, pengo litatokea, na pengo la pesa hutafuta mtu wa kumbebesha. Mara nyingi huangukia aliye mdogo, aliye mgeni, au yule asiye na baba wa kumtetea.

Kijana wetu bado yuko Bungoma. Nilidhani atataka kurudi Mombasa na nilikuwa tayari kumchukua. Alinijibu, "Ami, nikiondoka sasa, watu watasema ilikuwa kweli." Siku hizi daftari ni lake. Mwezi uliopita dada yangu alinitumia picha ya ukurasa mmoja. Safu tatu zilizopigwa rula, na chini kabisa, kwa mwandiko wake mdogo, tofauti: shilingi 0.